Barua ya wazi kwa wanaoidhinisha utafiti wa mimea ya jadi katika misitu ya mvua

Kwa: Wakuu wa taasisi za utafiti, wenyeviti wa kamati za maadili, wafadhili na wahariri wa majarida

Yah: Tafiti za mimea ya msituni zisizoweza kuhakikiwa wala kurudi kwa wenye maarifa

Waheshimiwa,

Salaam. Mtuwie radhi kwa kulileta hadharani jambo ambalo tungependa limalizikie ofisini. Tumeliandika kwenye ripoti, tumelisema vikaoni, na kila mara tumejibiwa kwamba limepokelewa. Limepokelewa, likalala. Sisi ni wakusanyaji wa mimea, wapanda miti (wanaokwea hadi kwenye matawi), wakalimani na watunza hebaria (ghala za mimea iliyokaushwa), yaani wale ambao majina yao, yakitajwa, hutajwa kwenye aya ya shukrani. Tunajua fomu mnazosaini huwa nini zikifika chini ya mti.

Lalamiko letu kwa ufupi ni kwamba mnalipia orodha. Wiki mbili tatu msituni, dodoso la kurasa nne, halafu jedwali: jina la kienyeji, jina la kisayansi, sehemu inayotumika, ugonjwa. Jedwali hilo mtu wa pili hawezi kulihakiki, mfamasia hawezi kulitumia, na aliyetoa maarifa halioni. Tunafafanua.

1. Majina ya kisayansi yanabandikwa bila mmea mkononi.

Miti mingi ya msitu wa mvua hufika mita 30 hata 40, na maua yake yako huko juu penye jua. Mganga huujua mti kwa gome: huuchanja kwa panga, hunusa, hutazama rangi ya utomvu, pengine huonja. Mtaalamu wa uainishaji huujua kwa ua na tunda. Pasipo mpanda mti, kamba ya kurushwa kwa manati, au mkasi wenye mpini wa kuunganisha wa mita 8 na zaidi, maarifa ya hawa wawili hayakutani. Kinachofanyika ni kuokota majani chini ya shina. Majani hayo huenda ni ya mtambaa uliojiviringisha huko juu, au ya mti wa jirani. Jioni jina linatafutwa kwenye picha za intaneti, au linachukuliwa kutoka makala ya mtu mwingine ambaye naye aliokota majani chini ya shina.

Jina la kienyeji peke yake haliwezi kuubeba mzigo huu. Jina moja linaweza kuwa la spishi tatu zenye matumizi yanayofanana. Spishi moja inaweza kuwa na jina la mche na jina la mti mzima. Na mara nyingine wenyeji ndio wanaoona zaidi: jamii kadhaa za Amazon hutofautisha aina mbalimbali za mtambaa wa ayahuasca, kinywaji cha kuleta maono, kila moja na matumizi yake, ilhali botania huziweka zote chini ya Banisteriopsis caapi. Mtafiti asiyechukua kielelezo, yaani tawi la kukaushwa, cha kila aina huwa amewafutia wenyeji tofauti hiyo kwa mstari mmoja wa jedwali.

Gharama ya uzembe huu inajulikana. Mwaka 1935, London, mwanakemia Harold King alitenga tubokurarini, kemikali ya kulegeza misuli, kutoka kwenye sampuli ya makumbusho ya kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Sampuli ile ilijulikana kwa chombo chake tu, kwamba ni kurare ya kutiwa kwenye vipande vya mwanzi. Mmea wenyewe hakuna aliyeujua. Ilibidi kusubiri hadi 1943 ndipo Wintersteiner na Dutcher walipoitenga kemikali hiyo kutoka kwa mmea uliotambuliwa sawasawa, Chondrodendron tomentosum, na wakati huo madaktari wa Montreal walikuwa tayari wanaitumia kurare kwenye upasuaji tangu Januari 1942. Miaka minane kwa sababu ya kukosa karatasi moja yenye tawi lililokaushwa. Na hiyo ni hasara ya muda tu. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vidonge vya kupunguza uzito vilitiwa Aristolochia fangchi badala ya Stephania tetrandra, kwa kuwa majina yake ya kibiashara ya Kichina yanakaribiana. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo.

2. Bajeti ya kukausha mimea imeandikwa kwa ajili ya nyika, si msitu.

Kielelezo si picha ya simu. Ni tawi lenye maua au matunda, lililobanwa kwenye gazeti kati ya mbao za takriban sentimita 30 kwa 45, lenye namba ya mkusanyaji, tarehe, mahali, mwinuko, kimo cha mti, na kipenyo cha shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Pia huandikwa vyote vinavyopotea mmea ukikauka: rangi ya ua, harufu ya gome lililochanjwa, rangi ya utomvu na kama hubadilika ukipigwa na hewa. Nakala tatu hadi tano, zote kwa namba moja. Namba hiyo hiyo iandikwe kwenye daftari la mahojiano. Tumeshaona kazi nzuri ikifa kwa sababu daftari la mahojiano lilikuwa na mfumo mmoja wa namba na mbao za kubania zilikuwa na mwingine.

Kwenye unyevu wa msitu, magazeti hayo huota ukungu ndani ya siku moja au mbili, na majani huanza kupukutika. Jua halitoshi, na moshi wa jikoni hautoshi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kikaushio cha gesi au mkaa, chenye kadibodi za mifereji kati ya magazeti ili hewa ya moto ipite, joto likiwa kati ya nyuzi 45 na 60 za Selsiasi. Chini ya hapo kuvu huwahi. Juu ya hapo majani huwa makavu ya kuvunjika na DNA huharibika. Ya pili, kambi ikiwa mbali, ni njia ya Schweinfurth: magazeti yenye mimea hufungwa robota, hutiwa kwenye mfuko mzito wa plastiki, hulowanishwa kwa spiriti ya asilimia 60 hadi 70, na mfuko hufungwa usitoe hewa. Hukaa hivyo wiki nyingi bila kuoza. Robota la unene wa kiganja hunywa karibu lita moja, kwa hiyo safari yenye mamia ya vielelezo inahitaji spiriti ya madumu. Bajeti mnazotupitishia zina chupa moja, ya kusafisha vidonda.

Spiriti ina kasoro zake: hugeuza majani kuwa ya kahawia na huharibu vinasaba. Kwa hiyo kabla ya kumwaga, kipande cha jani kibichi hukatwa na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi ya kuchujia chai, ndani ya silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) yenye uzito mara kumi ya jani. Silika ikibadilika rangi kabla ya jani kukauka, hubadilishwa siku hiyo hiyo. Ni kazi ya dakika mbili, lakini asiyefundishwa haifanyi, na mafunzo hayamo kwenye ratiba.

3. Dodoso lenu linauliza ugonjwa na kuliacha pishi.

"Majani huchemshwa na kunywewa." Sentensi hii imejaa kwenye majarida, nasi tunaomba wahariri waikatae. Majani kiasi gani? Ya mti mchanga au mkubwa? Mabichi? Maji lita ngapi, yabaki ngapi? Sufuria ya alumini au chungu? Mtu mzima anywe kiasi gani, mtoto je, mara ngapi, siku ngapi? Nani hapaswi kugusa, mfano mjamzito? Dozi ikizidi dalili ni zipi, na mganga hufanya nini? Kipimo cha mganga ni konzi, basi mwombe ajaze konzi mara tatu na kila mara upime kwenye mizani ndogo, uandike zote tatu, si wastani tu. Tofauti kati ya hizo tatu nayo ni taarifa.

Hatua inayoonekana haina maana mara nyingi ndiyo inayookoa maisha. Chukueni muhogo mchungu. Sumu yake hutoka pale linamarini, kemikali iliyomo kwenye mhogo, inapokutana na kimeng'enya kilichomo humo humo kwenye mhogo, na vinakutana pale tu mhogo unapokunwa, kupondwa au kulowekwa hadi ulainike. Ukiutia kwenye maji ya moto moja kwa moja, joto linaua kimeng'enya na linamarini inabaki. Mtafiti aliyeandika "huchemshwa" na kuacha siku za kuloweka ameandika maelekezo ya kumdhuru mtu. Huko Bandundu, Kongo, familia zilipofupisha siku za kuloweka ili mhogo uwahi soko, ulizuka konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu.

Tena jedwali la mmea mmoja kwa mstari mmoja huua mchanganyiko. Majani ya Psychotria viridis yakinywewa peke yake hayafanyi kitu, kwa kuwa kemikali yake huvunjwa tumboni na kwenye ini. Yakipikwa pamoja na Banisteriopsis caapi, mtambaa huo huzuia uvunjaji na kinywaji hufanya kazi. Maarifa yamo kwenye kuvipika pamoja. Jedwali lina mistari miwili isiyojuana.

Na namna ya kuuliza. Ukimwonyesha mwenyeji tawi na kusema "Hii inatibu nini?", umeshamwambia kuwa inatibu. Adabu itamlazimu akupe jibu. Anza kwa kumwacha ataje mwenyewe mimea anayoitumia, kisha tembeeni msituni aonyeshe, kisha uliza mwingine peke yake kuhusu mti ule ule. Wanawake waulizwe na wanawake, hasa mambo ya uzazi. Tunashangaa jambo hili bado linahitaji kuandikwa.

4. Hesabu zinapamba data mbovu.

Tuliseme hili haraka. Kipimo cha makubaliano ya watoa taarifa huhesabiwa kwa kutoa idadi ya spishi kwenye idadi ya taarifa za matumizi, kisha kugawa kwa taarifa pungufu ya moja. Taarifa 50 na spishi 10 zinatoa 40 gawanya kwa 49, yaani 0.82, na mwandishi anafurahia "makubaliano makubwa". Kama yale majina kumi ni spishi 13 zilizochanganywa, jibu ni 37 gawanya kwa 49, yaani 0.76. Kadiri unavyochanganya spishi nyingi chini ya jina moja, ndivyo makubaliano yanavyopanda. Mhakiki asiyeuliza namba za vielelezo hawezi kuliona hilo.

5. Ridhaa inachukuliwa siku ya kwanza, kwa kalamu.

Mgeni ameshuka kwenye gari au mtumbwi, kiongozi wa kijiji ameitwa, fomu imesomwa na mkalimani kwa haraka, dole gumba limegonga wino. Kamati ya maadili imeridhika. Sisi hatujaridhika. Ridhaa ya kweli ina angalau hatua nne: mkutano wa kueleza kazi bila daftari la mahojiano, muda wa jamii kujadiliana mgeni akiwa hayupo, kurudi kusikia jibu, likiwemo la kukataa, na ridhaa ya kila mtoa taarifa, inayoweza kurekodiwa kwa sauti pale kalamu isipofaa. Kisha ya tano, ambayo hatujawahi kuikuta kwenye fomu yenu hata moja: kurudi na rasimu kabla ya kuchapisha, waseme kipi kitoke na kipi kibaki. Kuna mimea ya jando, ya unyago na ya viapo ambayo mtu huitaja kwa kuaminiana tu, wala hakukusudia ifike maktaba.

Msimwachie mtu mmoja sahihi ya wote. Mradi wa kutafuta dawa kwenye mimea ya Wamaya huko Chiapas, Meksiko, ulioanza 1998, ulifungwa 2001 kwa ubishi juu ya nani ana mamlaka ya kuridhia kwa niaba ya wenye maarifa, kwa sababu maarifa yale yalikuwa ya vijiji vingi na si vyote vilivyokubali.

6. Kiasi kinachochukuliwa, na mahali panapotangazwa.

Kwa vipimo vya awali vya maabara, chini ya kilo moja kavu inatosha. Majani mabichi hupoteza takriban robo tatu ya uzito yakikauka au zaidi, kwa hiyo kilo nne au tano mbichi ni nyingi tayari. Gome lichukuliwe kwa vipande vya pande mbili zinazotazamana, bila kuzunguka shina. Mti uliochunwa mzunguko mzima hufa. Prunus africana, mti wa misitu ya milimani, umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 1995 kwa ajili ya biashara ya gome lake. Pamoja na hayo, bado tunaona makala zikichapisha viwianishi kamili vya jipiesi vya mimea adimu. Viandikwe kwenye hebaria, vifichwe kwenye jarida.

Visingizio tunavijua, tuvijibu kabisa.

Mtasema fedha hazitoshi. Punguzeni idadi ya vijiji. Kijiji kimoja kilichofanyiwa kazi kwa misimu miwili, mimea ikiwa kwenye maua, kina thamani kuliko vijiji kumi vilivyopitiwa mbio wakati wa mvua. Mtasema vibali vya kusafirisha vielelezo huchelewa. Ni kweli, vinachelewa, na ndiyo maana nakala ya kwanza hubaki kwenye hebaria ya nchi husika, ambako haihitaji kibali cha kutoka. Mtasema maarifa haya tayari yako hadharani. Kuwa hadharani si kukosa mwenyewe: Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida, iliyopitishwa Oktoba 29, 2010 na kuanza kutumika Oktoba 12, 2014, inazungumzia maarifa ya jadi yanayohusiana na rasilimali za jenetiki, na mkataba uliopitishwa Geneva Mei 24, 2024 unadai waombaji wa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) wataje chanzo chake.

Mtasema pia, kama tulivyosikia kikaoni, kwamba hebaria ni mambo ya kizamani. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja alipewa hataza ya mmea juu ya aina ya Banisteriopsis caapi. Jumuiya za wenyeji wa Amazon zilipoipinga, ofisi ya hataza ya Marekani iliikataa Novemba 1999, na ushahidi uliotumika ulikuwa karatasi za mimea iliyokaushwa zilizokuwa kwenye makumbusho ya Chicago kabla ya ombi lile. Hataza ilirudishwa 2001 na kuisha muda wake 2003, kwa hiyo ushindi haukudumu. Lakini kilichowapa wenyeji pa kusimamia ni hayo magazeti na mbao mnazoziona za kizamani.

Na mtasema kugawana faida ni ndoto kwa kuwa dawa nyingi hazifiki sokoni. Makubaliano ya Samoa ya mwaka 2001 juu ya prostratini, kemikali iliyochunguzwa dhidi ya virusi vya UKIMWI, kutoka kwa mti wa Homalanthus nutans ambao waganga wa kike wa kijiji cha Falealupo waliutumia kwa homa ya ini, yaligawa asilimia 20 ya mapato: 12.5 kwa serikali, 6.7 kwa kijiji, 0.8 kwa familia za waganga waliotoa maarifa. Mtu anaweza kubishia mgawo huo, nasi tunaona fungu la waganga ni dogo. Lakini uliandikwa mapema, kabla hakujawa na senti ya kugombania.

Tunachoomba ni hiki:

(a) Kamati ya maadili isipitishe pendekezo lisiloonyesha ratiba ya ziara ya ridhaa iliyotenganishwa na ziara ya kukusanya, na ziara ya kurudisha rasimu, zote zikiwa na fedha zake.

(b) Bajeti itaje mpanda mti na vifaa vyake vya usalama, kikaushio, spiriti na silika jeli, pamoja na malipo ya muda wa waganga na wakalimani kwa kiwango walichokubali wao.

(c) Majarida yakatae jedwali lolote lisilo na namba ya mkusanyaji, jina la hebaria na jina la aliyetambua mmea kwa kila mstari. Usipokuwepo ua wala tunda, iandikwe hivyo, na utambuzi uishie kwenye jenasi.

(d) Kila dawa iandikwe na vipimo vyake na hatari zake. Pasipo vipimo, iandikwe kuwa havikupatikana.

(e) Nakala ya matokeo iachwe kwa jamii kwa lugha yao, kwa maandishi au kwa sauti, kabla malipo ya mwisho ya ruzuku hayajatolewa. Hili likifungwa kwenye malipo litatekelezwa. Likibaki ahadi, tunajua litaishia wapi.

(f) Mganga aliyetoa sehemu kubwa ya maarifa, akitaka, awe mwandishi mwenza.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya dirisha lijalo la maombi ya ruzuku. Kuanzia msimu huo hatutatia majina yetu, hata kwenye aya ya shukrani, kwenye kazi isiyotimiza (a) na (c), na vielelezo vitakavyoletwa hebaria bila namba za mahojiano vitarudishwa kwa aliyevileta, pamoja na nakala ya barua hii.

Wenu katika kazi,

Wakusanyaji, wapanda miti, wakalimani na watunza hebaria

Nakala: Mabaraza ya vijiji tulikofanya kazi, kwa njia ya sauti